Jee, Kumpumzisha Mzazi Ndiko Kumtukuza?

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa afanyaye biashara ya duka huko Burnt Forest, karibu na Eldoret, ametuletea suali ambalo twaona si lake peke yake. Asema kwamba mamake, aliyekwisha pita umri wa miaka sabini, alibaki peke yake Mji wa Kale baada ya kufiwa na mumewe. Naye akaona si haki kumwacha hivyo, akamhamishia kwake bara. Huko amemwekea chumba chenye moto, maana Burnt Forest iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na baridi yake si ya mchezo kwa mtu wa pwani. Amemkataza kupika, amemkataza kufua, amemkataza kwenda sokoni. Kila atakacho huletewa kitini. Lakini sasa, baada ya mwaka na nusu, mama amekuwa msahaulifu. Huuliza jambo moja mara tatu, huchanganya majina ya wajukuu, na mchana kutwa husinzia. Jirani mmoja amemshauri amnunulie simu yenye michezo ya kuchangamsha ubongo. Mwengine amemwambia kuwa uzee hauna dawa, hayo ni majaaliwa, amwache mama apumzike. Ndugu yetu auliza: lipi la haki katika haya mawili?

Jawabu yetu ni kwamba liko la tatu, nalo ndilo tutakalo kulieleza. Lakini kwanza yatupasa tuyapime hayo mawili kwa haki, kwani kila moja lina sehemu yake ya ukweli.

Tuanze na hilo la majaaliwa, kwa kuwa ndilo lililovaa nguo ya dini. Ni kweli kwamba Kurani, katika Sura ya An-Nahl aya ya 70 na Sura ya Al-Hajj aya ya 5, yatukumbusha kuwa wamo miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Ni kweli pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaagiza watu wajitibu, akabainisha kuwa kila maradhi yana dawa illa uzee. Lakini mwenye kuishika sehemu ya mwisho ya agizo hilo na kuiacha ya kwanza hakulifahamu. Agizo limepambanua baina ya vitu viwili: uzee, ambao hauondoki, na maradhi, ambayo hutafutiwa dawa. Nasi twajua kuwa Mtume mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mola wake na kurudishwa kwenye umri huo dhaifu. Na mtu hajikingi na jambo kisha akalifungulia mlango.

Basi kosa la jirani huyu ni kuvitia vitu viwili katika kapu moja. Mzee kusahau jina la mtu kisha kulikumbuka jioni, au kuingia chumbani asikumbuke alichokifuata, hayo ni katika uzee. Lakini kupotea njia ya nyumba aliyoizoea, kutojua kijiko ni cha kazi gani, au kubadilika tabia hata watu wake wasimtambue, hayo ni dalili za maradhi. Na baina ya mawili hayo yako mengi yatibikayo ambayo hujifanya uzee: huzuni ya kufiwa, upungufu wa damu au wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, hata dawa nyengine anazomeza mtu bila kuangaliwa. Kwa hiyo jambo la kwanza tumwambialo ndugu yetu ni kumpeleka mama kwa daktari. Hospitali kubwa ya Moi iko Eldoret, si mbali naye. Mwenye kusema "uzee tu" kabla ya kuuliza amehukumu bila ya mashahidi.

Tena twaongeza neno. Wanavyuoni wametufunza kuwa sharia imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tukifika kwenye akili, wengi wetu husema: ndiyo maana pombe ikaharamishwa, kisha tukanyamaza, kama kwamba kuilinda akili ni kuiepusha na kilevi tu. Jee, mwenye shamba hulilinda kwa kumfukuza nguruwe peke yake? Halilimi? Halipalilii? Kulinda ni kuzuia kinachoharibu na kutia kinachokuza. Mtume ameipigia mfano Kurani iliyo kifuani mwa mtu kwa ngamia waliofungwa kamba: mwenyewe akiwaangalia hubaki naye, akiwaacha huenda zao. Huo ni mfano wa kumbukumbu yote. Kila hafidhi ajua ya kuwa juzuu isiyorejewa hutoroka, ingawa alihifadhi akiwa kijana mwenye nguvu.

Sasa tuje kwenye simu ya jirani wa kwanza. Huyu naye hakusema upuuzi. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1998, wataalamu waliwakusanya watu 2,832 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wakawagawa makundi manne. La kwanza lilifundishwa njia za kukumbuka; la pili, njia za kufikiri na kutatua mafumbo; la tatu lilizoezwa kwa kompyuta kuona na kutambua upesi; la nne halikufundishwa kitu, ili liwe kipimo. Mafundisho yenyewe yalikuwa vikao kumi tu, kila kimoja saa moja na kidogo. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2002, ilionekana kuwa kila kundi lilipata nguvu katika lile lililofundishwa. Watu hao wakatazamwa tena baada ya miaka kumi, na khabari zake zikatoka mwaka 2014: waliozoezwa kufikiri na waliozoezwa wepesi walikuwa bado wana faida katika mambo hayo, lakini ile faida ya kukumbuka ilikuwa imekwisha.

Katika khabari hiyo mna mafunzo mawili, nasi twaomba msomaji ayashike yote mawili. La kwanza ni kwamba akili ya mzee hufunzika. Ile methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi ni ya malezi ya watoto. Tusiifanye hukumu ya kifo juu ya wazee. La pili ni kwamba mazoezi hayo huzaa pale yalipopandwa. Aliyejifunza kutatua mafumbo hakupata kwa hayo kumbukumbu bora. Alipata ubingwa wa mafumbo. Ndiyo maana tahadhari yapasa kwa wauzaji. Mwaka 2016 kampuni yenye kuuza michezo iitwayo Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 ili kumaliza mashtaka ya serikali ya Marekani kwamba iliwadanganya wanunuzi, kwa kuwaahidi kinga ya usahaulifu wa uzeeni pasi na ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo simu si haramu wala si upuuzi, lakini si hirizi. Nasi tuliokwisha kuwaonya watu na hirizi za karatasi tusiwauzie hirizi ya kioo.

Ikiwa zoezi huzaa pale lilipopandwa, basi suali la haki ni hili: twataka akili ya mama ifanye kazi wapi? Bila shaka katika maisha yake: kuwajua wajukuu, kuhesabu fedha, kupanga chakula, kuzungumza na watu, kusali kwa utulivu. Basi na apandiwe huko huko.

Na hayo yaafikiana na yaliyoonekana penginepo. Katika nchi ya Ufini, kaskazini ya Ulaya, walichaguliwa watu 1,260 wenye umri baina ya miaka 60 na 77. Nusu yao, kwa muda wa miaka miwili, walipewa mambo mengi pamoja: chakula kizuri, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na kuangaliwa presha na sukari. Nusu nyengine walipewa nasaha za kawaida tu. Mwaka 2015 ikatangazwa kuwa wale wa kwanza akili zao zilikuwa zimeendelea vizuri zaidi. Kisha mwaka 2024 tume ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la matabibu liitwalo Lancet ilihesabu sababu 14 ambazo, lau zingeondolewa zote, kadiri ya asilimia 45 ya maradhi ya kupotewa na akili yangeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni kukosa elimu utotoni, presha, kisukari, kukaa bila kutembea, sigara, ulevi, huzuni, uziwi, kutoona vizuri, na upweke.

Ndugu wasomaji, itazameni hesabu hiyo kisha mkitazame kile chumba chenye moto cha Burnt Forest. Mama hatembei. Hazungumzi na mtu ila mwanawe arudipo jioni naye amechoka. Jirani zake wanena lugha asizozijua. Huenda hata masikio yake yamepungua, na watu wakafikiri amesahau kumbe hakusikia. Au macho yana mtoto wa jicho, na ndipo akachanganya sura za wajukuu. Huku Mombasa alikuwa na mlango wa jirani wa kushoto na wa kulia, na arusi za kupangia, na matanga ya kuhani, na deni la muuza samaki la kukumbuka. Hayo yote yalikuwa chuo chake cha kila siku, wala hakuna aliyeyaita mazoezi ya ubongo. Tumemtoa katika chuo hicho kwa mapenzi, tukamweka kitini kwa mapenzi, kisha twastaajabu kuwa kisu kisichotumiwa kimeshika kutu.

Hapa ndipo lilipo lile la tatu tuliloliahidi, nalo ni zito kulisema. Wengi wetu tukimwambia mzazi "pumzika", pumziko lenyewe mara nyingi huwa ni letu. Mama akipika huchelewa. Akienda sokoni yatubidi tumsubiri. Akihesabu chenji hutukawiza. Akimwaga mafuta twaona aibu mbele ya wageni. Kumketisha ni wepesi kuliko kumsubiri. Na majirani hutusifu: mwamwona fulani, mamake hashiki hata ufagio! Twapokea sifa hizo, na mwenye kuzilipia ni yeye, kwa siku zake.

Pengine msomaji atatuuliza: jee, mwatuamrisha tuwatumikishe wazazi wetu, na hali Kurani yatukataza hata kuwaguna? La, hasha. Kumtumikisha mtu na kumhitaji ni mambo mawili. Kumtumikisha ni kumtwika mzigo wako ili wewe ustarehe, atake asitake. Kumhitaji ni kumwachia mahali ambapo asipokuwapo yeye, kitu hupungua. Na khiari ikawa mkononi mwake. Mizani yake ni nyepesi: jiulize nani amechagua, na nani afaidikaye. Ukimwambia mamako aoshe sahani zako umemdhili. Ukimwambia, "Mama, samaki huyu hutiwa nini? Mimi sijui, wala mke wangu hajui, utufundishe," umemtukuza. Sahani kaosha mwengine. Ilimu imetoka kwake. Wala asitake siku hiyo, usimlazimishe. Kwani haki ya kukataa nayo ni katika heshima ya mtu mzima.

Na kama twataka mifano, hatuna haja ya kwenda mbali na Burnt Forest. Eldoret hiyo hiyo, tarehe 12 Januari 2004, mzee Kimani Maruge, aliyesema ana umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, baada ya serikali ya Kenya kuondoa ada za shule za msingi mwaka 2003. Alikuwa mpiganaji wa Mau Mau ambaye hakupata kusoma ujanani. Alitaka kuhesabu fedha zake asidhulumiwe, na kukisoma kitabu cha dini yake kwa macho yake mwenyewe, asitegemee kusomewa. Hakuwa wa dini yetu, lakini haja hiyo ya pili twaijua vyema. Mwaka 2005 alipelekwa New York kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kunena juu ya elimu ya bure. Fitina za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoichoma Burnt Forest pamoja na sehemu nyingi za Uasin Gishu, zilimkuta naye, akapoteza mali yake akaishi kambini. Na huko kambini akaendelea kutembea kwenda shule. Alikufa Agosti 2009 angali mwanafunzi.

Na kijijini Ndalat, katika Nandi, mkunga aitwaye Priscilla Sitienei alikuwa akikaa darasani pamoja na vilembwe wake hali ya umri wa miaka 90. Baadhi ya wanafunzi wenziwe alikuwa amewapokea yeye walipozaliwa. Moja katika haja zake ilikuwa kuandika aliyoyajua ya ukunga na miti ya dawa, yasije yakafa pamoja naye. Alikufa mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 99.

Hatusemi kwamba shule iliwaongezea wawili hawa umri, wala kwamba kila mzee avae sare aende darasani. Twasema kuwa hakuna aliyewaambia "pumzika" wakamsikiliza. Kila mmoja wao alikuwa na jambo alitakalo, na watu wa kulitendea pamoja nao.

Basi tumnasihi nini ndugu yetu wa Burnt Forest?

Kwanza, daktari, kama tulivyosema. Na achunguzwe presha, sukari, masikio na macho. Mtu haufundishi moyo uliofungiwa milango ya kusikia na kuona.

Pili, mama apewe kazi ya akili yenye maana kwake. Kila siku amrejee mjukuu mmoja katika sura ndogo ndogo, na yeye mwenyewe ajihifadhishe aya mpya, japo moja kwa juma. Jambo jipya lina nguvu kuliko lile lililozoeleka hata ulimi ukaenda bila ya moyo.

Tatu, atoke. Jua la saa nne likishika, avae sweta na shali, afuatane na mtu hadi sokoni, achague viazi na kabichi mwenyewe, ahesabu chenji mwenyewe. Kutembea ni katika dawa za ubongo kama kulivyo dawa ya moyo.

Nne, ajifunze lugha za majirani. Na aanze na "chamgei" ya Wakalenjin na "wi mwega" ya Wakikuyu, akiongeza neno kila siku. Lugha mpya ni zoezi ambalo halihitaji simu. Na katika mji ulioona moto wa mwaka 1992 na wa 2008, mama wa Kiislamu amwamkuaye kila jirani kwa lugha yake afanya kazi kubwa kuliko ya ubongo wake tu.

Tano, michezo. Twajua kuwa wako watakaotuuliza juu ya bao. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wamepambanua baina ya mchezo uliosimama juu ya hesabu na fikira, na mchezo uliosimama juu ya bahati na kubahatisha. Nao wameutaja hata ule mchezo wa vijiwe na vishimo uitwao minqala, ulio ndugu wa bao letu, wakautia katika fungu la hesabu. Basi kwa mzee, bao lisilo na kamari, lisilopitisha wakati wa sala wala kuzaa matusi, ni bora mara nyingi kuliko kusinzia. Na vitendawili vya usiku pamoja na watoto ni bora zaidi, kwani hukusanya fikira, lugha na jamaa mahali pamoja. Akitaka na simu, na apewe. Lakini itumike zaidi kumpigia dada yake wa Mombasa.

Limebaki neno moja, nalo twaliambia kundi jengine la wasomaji: wale ambao wazee wao wamekwisha vuka mpaka huo, wakawa hawawajui tena watoto wao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na maradhi hayo. Miongoni mwao wamo waliosoma maisha yao yote, na waliotembea, na waliohifadhi. Asije mtu akaisoma makala haya akamwambia mgonjwa au mwenye kumuuguza, "Lau mngelimzoeza asingelifika hapa." Huo ni uzushi juu ya Mungu na udhia juu ya kiumbe. Mazoezi hupunguza hatari, hayaondoi kadari. Na mzee aliyesahau jina lako hajapungukiwa na haki yake kwako hata chembe: yeye amesahau, lakini wewe hukusahau. Huyo kweli ni wa kupumzishwa, na kushikwa mkono, na kusomewa aliyokuwa akiyapenda. Kwani mara nyingi sauti ya zamani humfikia mgonjwa pale ambapo maneno ya leo hayafiki.

Lakini maadamu mama wa Burnt Forest bado auliza, ijapokuwa auliza mara tatu, basi bado atafuta. Na ajibiwe mara ya tatu kwa uso ule ule wa mara ya kwanza, kisha na yeye aulizwe jambo ambalo yeye peke yake nyumbani humo alijua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu na za wazee wetu, na atujaalie tuwe wenye kuwahitaji kabla hawajawa wenye kutuhitaji. Amin.